Sumaku ya diski haijaisha: jibu kwa msomaji wa Langoni

SWALI: Shikamoo mwalimu. Diski ya nje ya marehemu baba ina rekodi zake za Maulidi ya Lamu za miaka 12. Tangu wiki iliyopita ukiichomeka inalia ta-ta-ta na kompyuta haiioni. Nimebadilisha waya, nimebadilisha kompyuta, ni vile vile. Fundi ameniambia sumaku yake imeisha nguvu, niilaze kwenye friza usiku mmoja, na ikishindikana ataifungua aipanguse kwa spiriti. Nikubali? — Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Marahaba binti yangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu baba. Usikubali. Na usiichomeke tena, hata mara moja ya kujaribu.

Hilo neno la "sumaku imeisha" nalisikia hapa Malindi kila mara, na hakuna linaloniudhi kama hilo. Si kwa kuwa ni uongo tu. Mwenye diski akishaambiwa sumaku imeisha, huona hana tena cha kupoteza, basi humwachia fundi afanye apendavyo. Rekodi za baba, kwa dalili ulizonieleza, huenda ziko zote salama mpaka dakika hii.

Miaka yangu mingi ya kazi nimeimaliza maabarani nikitengeneza tando za sumaku zinazoshika rekodi ndani ya diski. Ni mchanganyiko wa kobalti, kromiamu na platinamu, unaorushwa chembe kwa chembe ndani ya chombo kilichonyonywa hewa mpaka utande juu ya sahani inayozunguka ndani ya diski. Unene wake hauzidi nanometa 20 hivi. Unywele mmoja wa kichwani mwako ni mnene kuliko hapo mara elfu kadhaa. Utando huo umejaa vipunje vya kama nanometa 8, na kila kipunje kina upande wake kilikoelekea; pande hizo ndizo maandishi ya diski. Ukivifanya vidogo kupita kiasi, joto la chumba peke yake hutosha kuvigeuza, na kilichoandikwa kikapotea. Tulihangaika na jambo hilo usiku na mchana. Platinamu imetiwa humo ili kipunje kishike upande wake kisigeuke kwa miaka na miaka. Tena ndani ya diski yenyewe, sentimita chache tu kutoka kwenye sahani, mna sumaku za neodimiamu kali za kukubana kidole. Kazi yake ni kuuchezesha mkono unaobeba kichwa cha kusomea. Zimekaa hapo tangu kiwandani na hazijafuta herufi moja.

Kinacholia ni hicho kichwa. Nacho ni tando juu ya tando, kizazi cha ugunduzi wa wanafizikia Albert Fert na Peter Grünberg wa mwaka 1988, wa tando ambazo ukinzani wake wa umeme hubadilika sana zikikutana na sumaku, uliowapatia Nobeli ya Fizikia mwaka 2007. Kinaelea nanometa chache juu ya sahani, kikitafuta alama za kukiongoza njia. Kikizikosa hurudi pembeni na kuanza upya: ta, ta, ta. Kama kimeumia, kila safari yaweza kuwa mkwaruzo, na palipokwaruzwa utando umeondoka na rekodi yake. Hapo hakuna mtaalamu wa kukurudishia.

Sasa friza. Lamu hewa ni nzito kwa unyevu na chumvi. Toa chuma baridi kwenye friza uone kinavyotoa jasho. Jasho hilo litaingia ndani na kukaa juu ya sahani. Spiriti ndiyo mbaya zaidi. Juu ya utando mna ngozi ya kaboni ya nanometa mbili tatu, na juu yake mafuta ya kama nanometa moja. Kitambaa kitayaharibu mafuta na kuacha nyuzi na vumbi, kisha ukingo wa sahani upite chini ya kichwa kwa mwendo wa kilomita 60 na kitu kwa saa. Nimeletewa diski zilizopanguswa hivyo. Ziling'aa kama kioo, na hazikuwa na kitu cha kuokoa.

Anayefaa ni mwenye chumba kisichopitisha vumbi na vichwa vya kubadilisha vya modeli ile ile. Muulize hayo mawili kabla hujampa diski mkononi. Atakayekwambia atabadilisha bodi ya saketi tu, mwache: diski za siku hizi huweka kwenye bodi hiyo vipimo vyake zenyewe, na bodi ya diski nyingine haivijui.

Nanyi wengine mnaorekodi kaswida na harusi, au mnaopiga picha hati za wazee, msidhani mkihamia flashi mmepona. Flashi haina sumaku. Data yake ni chaji ya umeme iliyofungiwa, nayo huvuja polepole flashi ikilala miaka kabatini bila kuchomekwa. Ile haitawalilia ta-ta-ta kuwaonya. Wekeni nakala mbili katika vyombo viwili, nyumba mbili tofauti, na mzifungue kila mwaka mzisikilize.

Diski ya baba, binti yangu, ifunge kwa sponji ndani ya mfuko mkavu, na ukivuka kwenda Mokowe ipakate mwenyewe. Usiiweke sakafuni mwa boti.