Jibu: Goti linagonga ukuta ninapouruka

Umesema kila ukiruka ule ukuta unaofika kiunoni kwa kuweka mkono na mguu mmoja juu yake, goti la mguu wa pili, unaopita katikati ya hivyo viwili, linagonga ukuta. Mimi kugonga huko kuliniachia kovu, kwa hiyo nakuelewa. Tatizo si ufupi wa miguu. Mara nyingi nyonga zimebaki chini, au mkono umekaa karibu mno na mguu.

Weka kiganja cha kulia juu ya ukuta, kisha kanyaga hapo juu kwa sehemu ya mbele ya wayo wa kushoto, ukiacha mwanya mpana kati ya wayo na mkono. Sukuma kwa mkono na mguu kwa pamoja hadi nyonga zipande, ndipo upitishe mguu wa kulia kwenye mwanya huo na kutua nao. Mkono uachie mwisho kabisa. Wengi huuondoa mapema, wakayumba.

Anza kwa kutembea tu, kwenye kitu kilicho chini ya kiuno na kisichotikisika. Kagua juu yake kwanza, maana unyevu au mchanga utakutelezesha. Ukiweza kutua na kuendelea kutembea bila kusita, ongeza mwendo kidogo. Upande wa pili nao ufanyie mazoezi, ingawa siku za kwanza utajiona kama mtoto anayejifunza kutembea.