Kuwapeleka madogo waone kazi ya usanifu majengo: mwalimu, maghorofa yaache kwanza

Mwalimu nimesoma swali lako. Una kidato cha pili wa shule ya kata hapa Dar, kuna wachache wanasema wanataka kuwa wachora ramani za nyumba, yani wasanifu majengo, unataka kuwatoa siku moja waone hiyo kazi ikoje, bajeti ni ya nauli na maji tu, na mpango wako ni kuwazungusha Posta waone maghorofa marefu halafu mmalizie mall. Mimi ni msanifu majengo kwenye ofisi ndogo, huwa tunapokea wanafunzi wa shule za jirani na mara nyingine tunatembea nao mjini, kwahiyo nitakwambia nilichokiona. Itakuwa ndefu kidogo, vumilia.

Hayo maghorofa yaache kwanza. Mtoto akisimama chini ya jengo refu anasema duh, anaomba simu apige picha, basi. Hana cha kuuliza, na mlinzi getini hawaruhusu kuingia, kwahiyo mtashinda juani mnaangalia vioo. Unachotaka wewe mtoto aondoke nacho ni hiki: kila kitu kwenye jengo kuna mtu alikaa akaamua kiwe pale, dirisha hapa, ngazi kule, na alikuwa na sababu, au hakuwa nayo na ndo maana watu wanateseka humo ndani. Akishalishika hilo mengine atayatafuta mwenyewe.

Mimi ningeanzia Kivukoni, mwendokasi inawashusha pale pale, halafu mnatembea kwa miguu Barabara ya Sokoine. Boma la Kale, jengo la mawe la zamani, lipo hapo, limejengwa miaka ya 1860 enzi za Sultani Majid. Usiwape historia ndefu watasinzia, wape tepu za kupimia. Wapange kwa vikundi wapime upana wa kuta na upana wa vyumba, waandike. Hapo utawaambia habari za nyumba za mawe za pwani, kwamba ukienda Bagamoyo au Mji Mkongwe utakuta vyumba virefu ila vyembamba, upana mita mbili na nusu, tatu hivi. Waulize kwanini. Watasema masikini, watasema mila, mmoja atasema watu wa zamani walikuwa wafupi (kila mwaka lazima atokee wa kusema hivyo). Jibu ni boriti, ile miti ya mikoko iliyokuwa inabeba sakafu na dari, ikizidi urefu fulani haihimili uzito, kwahiyo mti ndo ulioamua chumba kiwe na upana gani. Nimeona sura za watoto zikibadilika hapo, yani ghafla anaangalia ukuta kama mtu aliyefichwa siri muda mrefu.

Kutoka hapo sogeeni mpaka kanisa la Azania Front, Wajerumani walianza kulijenga 1898 likaisha 1902. Waambie waangalie madirisha tu, yana vipaa vidogo vya vigae juu yake. Vya nini? Jua na mvua, basi. Sasa ndo uwageuze waangalie ghorofa la vioo linalopigwa jua la magharibi kila alasiri bila hata kivuli cha kidole, wahesabu AC zilizoning'inia nyuma. Hapo ghorofa linapata kazi. Wenyewe wataanza kubishana lipi limefikiriwa vizuri, na wewe nyamaza, usiwape jibu, kwasababu mwenye kanisa naye ana matatizo yake na mwenye ghorofa ana sababu zake za ardhi kuwa ghali.

Mkibakiwa na nguvu nendeni Kariakoo, sokoni. Lile jengo alilisanifu Beda Amuli, mmoja wa Waafrika wa kwanza kabisa Afrika Mashariki kwenye hii fani, alisomea Israel, soko likafunguliwa 1975. Ile miavuli mikubwa ya zege juu haikuwekwa kwa urembo, inatoa kivuli na inakusanya maji ya mvua. Liliungua Julai 2021 na kukawa na ukarabati mkubwa, kwahiyo ulizia kwanza utaratibu wa kuingia. Mimi napapenda kwasababu mtoto ambaye mama yake anauza nyanya hakudhani kabisa kwamba soko nalo linasanifiwa, na kwamba aliyelisanifu ni Mtanzania. Kama shule yako ipo upande wa Kijitonyama badilisha, nenda Kijiji cha Makumbusho. Msonge wa Wahaya, ile nyumba ya duara, nyasi zimeshuka mpaka chini kwasababu Kagera mvua ni nyingi, tembe la Wagogo paa limelala na lina udongo juu kwasababu Dodoma ni kukavu. Kwa bei ya pale huwezi kupata somo zuri kuliko hilo, na hakuna magari ya kuwagonga.

Jambo la pili, usiishie kwenye majengo yaliyokwisha. Omba ofisi moja iwapokee hata saa moja, andika barua mapema, wengi wanakubali kuliko unavyodhani. Na ukiomba mtu wa kuongea nao usiombe bosi, omba binti au kijana aliyemaliza chuo juzijuzi, bosi atawahutubia kuhusu uzalendo. Waone ramani ikiwa kwenye karatasi, waone ile iliyokataliwa na mteja, waone modeli ya maboksi. Angalizo, wataona picha za 3D kwenye kompyuta na wote watadhani kazi ni hiyo. Waambie ukweli, siku nyingi ni kufuatilia vibali, kubishana na fundi kuhusu nondo, kumwelewesha mteja kwamba choo hakiwezi kukaa hapo. Na wakutane na mkadiriaji majenzi pia, yule anayekaa na BOQ, orodha ya vifaa na gharama za ujenzi, anahesabu mifuko ya saruji, kuna watoto wanaopenda hesabu ila hawajui kuchora na hawajawahi kuambiwa kwamba nao wana nafasi humu.

Saiti, pale jengo linapojengwa, ni tamu lakini ni hatari. Bila ruhusa ya mkandarasi, helmeti na viatu vya kufunika usithubutu, ndala hapana. Kama hamna helmeti za kutosha waingie kumi kumi wengine wabaki nje na mwalimu mwingine. Barua za ruhusa za wazazi ziwe na wewe mkononi, sio ofisini kwa mkuu wa shule.

Kuhusu masomo, uzuri ni kuwapeleka kabla hawajachagua mchepuo. Waambie wasitupe hesabu na fizikia. Vyuo ni kama Chuo Kikuu Ardhi hapa Dar na MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia kule Mbeya, vigezo mwangalie kitabu cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) cha mwaka husika sio maneno ya mtaani, na asiyefika huko kuna VETA anajifunza kuchora ramani na anaanza kula mapema. Ila wasidanganywe, baada ya chuo unafanya kazi kwanza chini ya aliyesajiliwa ndo ufanye mtihani wa AQRB, bodi inayosajili wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi, hiyo ni safari.

Alafu kazi ya nyumbani, hii usiiruke. Mkirudi wapime sehemu moja ya shule, waichore kwa skeli ya 1:50 (sentimita moja kwenye karatasi ni sentimita hamsini halisi), wairekebishe. Kuna kundi la mabinti walichagua vyoo vya shule yao, mlango ulikuwa unatazamana na uwanja wa mpira, wakachora ukuta mfupi wa kukinga mbele na bomba likahamia ndani. Mkuu wa shule alipoona akatafuta tofali, ukuta ukajengwa. Kati ya wote niliowahi kutembea nao hao ndo wananiuliza maswali mpaka leo.

Mwendo wote anza saa mbili asubuhi, saa sita muwe mmemaliza, na epuka masika. Ukishapata tarehe nicheki inbox, tepu ninazo za kuwaazima.