Re: Mkanda wa kahawia mwaka wa pili, gredi inaahirishwa tu

Mambo vipi mkuu, kwa hiyo gredi ya karate (mtihani wa kupanda mkanda) kila siku inapigwa kalenda, sensei (mwalimu) yuko bize na watoto, mpaka gi, nguo ya mazoezi, unaona uvivu hata kuifua. Yalinikuta hayo. Cheki kwanza umechoka karate au umechoka dojo, yaani pale mnapofanyia mazoezi, maana mimi nikiwa peke yangu uani nilikuwa bado napiga kata za Heian zote 5 (kata ni mfululizo wa mapigo uliopangwa) jasho linadondoka, kumbe shida ni pale dojo. Nikaacha kuulizia mkanda, nikamfuata sensei baada ya mazoezi, nikamwambia nionyeshe kosa moja tu kwenye kata ya Bassai Dai, akanigusa goti la nyuma, linakunjika kwenye zenkutsu, ule msimamo wa mguu mmoja mbele. Mwezi mzima nikawa narekebisha goti hilo hilo. Sensei wako akikutolea nje hata kwa hilo, aisee hapo sijui, mimi ningeomba kufanya Jumamosi dojo ya jirani.