Jibu: Polisi wamepekua nyumba usiku bila hati, inakubalika?

Pole mkuu. Umesema walifika saa 5 usiku, hawakuonyesha karatasi yoyote, wakaondoka na simu na laptop ya mdogo wako. Hapo kuna mambo mawili.

La kwanza ni muda. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania (Sura ya 20) inataka hati ya upekuzi itekelezwe kati ya macheo na machweo, siku yoyote, hata Jumapili. Usiku ni mpaka mahakama iwe imeruhusu. Ila usiende kituoni kifua mbele bado: hati yenyewe si lazima itoke kwa hakimu, maana mkuu wa kituo naye ana mamlaka ya kuidhinisha upekuzi kwa maandishi. Na ipo ile ya dharura, ambapo askari anaruhusiwa kupekua bila hati. Watajitetea hapo. Waulize dharura ilikuwa ipi.

La pili ndilo zito zaidi, kwa maoni yangu: stakabadhi. Wakichukua kitu lazima waandike wamechukua nini, mwenye nyumba na mashahidi wakasaini. Mjumbe wa mtaa alikuwepo kama shahidi? Kama hakuna karatasi, kesho nani atathibitisha simu inayoletwa kizimbani ndiyo ile?

Kumbuka ushahidi uliopatikana kinyume cha sheria haufutiki wenyewe. Mahakama ndiyo inapima iupokee au iukatae, hivyo wakili lazima aweke pingamizi mapema, kielelezo (yaani kitu kilichochukuliwa) kinapoletwa mahakamani kama ushahidi. Ibara ya 16 ya Katiba, inayolinda faragha ya mtu na maskani yake, aitaje hapo hapo.