Maswali ya Wasomaji: Kufufua Programu Huria Iliyotelekezwa

SWALI: Maktaba ya lugha ya Python (msimbo uliokwisha andikwa ambao programu nyingine huutumia) ninayoitegemea haijatoa toleo jipya kwa miaka mitatu. Marekebisho yaliyotumwa na watu hayajibiwi, na kwenye Python 3.12 inagoma. Je, niinakili na kuanzisha mradi wangu?

JIBU: Nakili, lakini usiitangaze bado. Jina jipya litawaacha watumiaji wa zamani na kifurushi kibovu.

Anza na leseni. MIT, Apache 2.0 na GPL zinakuruhusu kuendeleza kazi, mradi uache tamko la hakimiliki mahali pake. Pasipo na leseni, haki zote ni za mwandishi; msimbo kuonekana hadharani si ruhusa, na bila kibali chake usiendelee.

Kisha endesha majaribio ya maktaba hiyo kwa Python iliyokuwapo toleo la mwisho lilipotoka, pamoja na vitegemezi vyake (maktaba nyingine inazozihitaji) vya wakati huohuo. Yakipita, panda toleo mojamoja la Python. Ukiruka hadi 3.12 kwa mkupuo, makosa ya vyanzo tofauti yatachanganyika: 3.10 iliondoa majina kama `collections.Mapping`, yaliyohamia `collections.abc`, na 3.12 ikaondoa moduli za `distutils` na `imp`. Kila kosa lirekebishwe peke yake, ili mwenye mradi aweze kulikagua kwa dakika chache.

Sasa mwandikie, ukiambatanisha marekebisho mawili au matatu yaliyokamilika. Usiombe funguo za kutolea matoleo. Omba ruhusa ya kupanga na kujibu ripoti za hitilafu tu. Ana sababu ya kuogopa: mwaka 2018 maktaba ya JavaScript iitwayo event-stream ilikabidhiwa mtu asiyejulikana, akapenyeza msimbo wa kuiba sarafu za kidijitali, na mwaka 2024 mlango wa siri uligunduliwa katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana faili, uliowekwa na mtu aliyejenga imani ya msimamizi kwa miaka. Kwa hiyo mpe kazi inayokaguliwa, na usimharakishe.

Akikaa kimya kabisa, PyPI, hifadhi ya mtandaoni ya vifurushi vya Python, ina utaratibu wake, uitwao PEP 541. Mradi huhesabiwa umetelekezwa ikiwa hakuna toleo kwa miezi 12, mmiliki haonyeshi shughuli yoyote, na wasimamizi wa PyPI wamemtafuta angalau mara tatu katika wiki sita bila kumpata. Nawe utatakiwa kuonyesha kwamba ulimtafuta ukamkosa, kueleza kwa nini jina jingine halitoshi, na kuonyesha maboresho uliyokwisha kuyafanya katika nakala yako. Ndiyo maana tulisema nakili.

SWALI: Nimekubaliwa kuwa msimamizi. Toleo la kwanza liwe na nini?

JIBU: Kinachoifanya isakinike na kufanya kazi, basi. Kama la mwisho lilikuwa 2.4.1, toa 2.4.2. Ukiacha kuhudumia Python za zamani, andika `requires-python`, mstari unaotaja matoleo ya Python yanayokubalika. Bila hiyo, pip, programu ya kusakinisha vifurushi, itapakua toleo jipya kwenye mashine zisizoliweza na kuzivunjia kazi. Jaribu kwanza kwenye TestPyPI, hifadhi ya majaribio iliyo kando ya PyPI, kwa kuwa faili lililokwisha kupakiwa PyPI haliwezi kubadilishwa kwa jina lilelile, hata ukilifuta.

Tunakusihi usipange upya mwonekano wa msimbo wote katika hatua hii. Marekebisho yote yaliyokuwa yakisubiri yatagongana na mistari mipya, na waliotoa jasho lao miaka mitatu iliyopita watalazimika kuyaandika upya. Yapokee kwanza, kila moja likibaki na jina la mwandishi wake katika kumbukumbu ya Git, mfumo unaotunza historia ya msimbo.