Maswali na majibu: Rangi ya sakafu ya gereji inabanduka chini ya matairi

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina gereji ya gari moja nyumbani, na ndimo ninamofanyia kazi zangu za mikono siku za mapumziko: useremala mdogomdogo, kubadilisha oili ya gari, kuchomelea kidogo. Mwaka jana niliamua kuipaka rangi sakafu. Nilinunua epoksi ya ndoo moja, nikafagia, nikasugua kwa sabuni, nikaiacha sakafu ikauke siku nzima, kisha nikapaka mikono miwili. Ilipendeza sana. Baada ya miezi michache rangi ikaanza kubanduka pale yanaposimama matairi ya mbele. Pia kwenye kona moja iliyo karibu na ukuta wa nje kumeota malengelenge, na gari halifiki kabisa pale. Je, nikwangue palipoharibika tu kisha nipake tena? Kuna anayenishauri nimwage asidi kwanza, na mwingine anasema tatizo ni rangi ya bei nafuu. Nifuate lipi?

JIBU: Ahsante kwa swali, ndugu msomaji, na ahsante zaidi kwa kuitaja ile kona, maana bila hiyo ningekujibu nusu. Sakafu yako ina maradhi mawili. Kubanduka chini ya matairi na kuota malengelenge kwenye ile kona havina chanzo kimoja, na dawa ya kimoja haiponyi kingine.

Kabla ya asidi, na kabla ya kwenda dukani, okota kipande kimoja cha rangi iliyobanduka, kigeuze, ukitazame mgongoni kwenye mwanga wa kutosha. Hapo ndipo penye jibu. Ukikuta mgongo umeshika unga wa kijivu au chembe za saruji, basi rangi ilishika vizuri tu, ila ilishika tabaka dhaifu ambalo halikuwa limeshikana na zege lenyewe. Ukikuta mgongo ni msafi, laini, unang'aa, basi rangi haikushika kitu chochote: ililala juu ya sakafu iliyokuwa laini mno, au yenye grisi, au iliyowahi kupakwa dawa ya kuziba vinyweleo vya zege. Na kama kilichobanduka ni mkono wa pili huku wa kwanza umebaki chini, basi kosa ni la muda au usafi kati ya mikono miwili. Toboa na lengelenge moja la ile kona. Likitoa maji, au ukiona chini yake unga mweupe wa chumvi, unyevu unapanda kutoka chini ya jamvi, yaani bamba la zege la sakafu.

Kwa maelezo yako nabashiri kwamba chini ya matairi utakuta mgongo msafi au wenye unga, mojawapo ya hayo mawili. Sabuni huondoa uchafu, haikwaruzi zege. Sakafu nyingi za gereji humaliziwa kwa mwiko wa chuma mpaka zinateleza, nyingine hupigwa niru (uji wa saruji uliolainishwa) kabisa, na uso wa namna hiyo hauipi rangi mahali pa kung'ang'ania. Tena zege linapomwagwa, maji ya ziada hupanda juu yakibeba chembe laini za saruji, na zikikauka huacha ngozi nyembamba isiyo na nguvu. Kwa macho huwezi kuitofautisha na zege zima. Ipake rangi yoyote ya dunia hii, itatoka pamoja na ngozi hiyo.

Sasa kwa nini ibanduke kwenye matairi na si mlangoni unapopita kila siku? Tairi lililotoka barabarani ni la moto. Joto hulainisha rangi, na mafuta yanayolainisha mpira wa tairi huhamia kwenye rangi na kuidhoofisha zaidi. Gari likishasimama, tairi hupoa na kujikunja kidogo huku limeshika rangi, nayo huvutwa juu. Matairi ya mbele ndiyo yanayobeba uzito wa injini katika magari mengi, na ndiyo unayoyazungusha kwa usukani gari likiwa limesimama. (Tabia hiyo ya kuzungusha usukani bila gari kusogea iache hata kama hutapaka rangi tena. Inasaga matairi yenyewe.)

Aliyekwambia habari za bei ana ukweli kidogo. Rangi nyingi za ndoo moja zinazoandikwa epoksi ni rangi za akriliki zilizotiwa epoksi kiasi. Epoksi yenyewe huja katika vyombo viwili, resini na hadina (kigandishi chake), ambavyo huanza kugandana pale tu vinapochanganywa. Ikishakomaa haivutwi na tairi la moto kirahisi. Lakini ukiipaka epoksi ya kweli juu ya sakafu ile ile isiyoandaliwa, utakuwa umenunua vipande vizito zaidi vya kufagia.

Swali lako la kukwangua palipoharibika tu: mimi singefanya hivyo. Fanya jaribio hili kwanza. Chagua mahali ambapo rangi bado inaonekana nzima, chora alama ya X kwa kisu kikali mpaka kifike kwenye zege, bandika tepu imara juu yake, ikandamize, kisha ivute kwa nguvu. Rudia sehemu nne au tano. Rangi ikitoka na tepu, au ncha ya kisu ikiweza kuinua kingo za ile X, basi iliyobaki nayo imeshaaga, inasubiri zamu yake tu. Rangi mpya haiwezi kushika kuliko ile iliyo chini yake. Toa yote.

Tuje kwenye asidi. Asidi ya haidrokloriki hula saruji iliyo wazi na kuacha uso wenye mikwaruzo midogo, ndiyo maana watu wanaipenda. Haili rangi, haipenyi grisi wala dawa ya kuziba zege, kwa hiyo kwenye sakafu yako itauma mabaka mabaka tu, hapa ndiyo, pale hapana. Inahitaji kuuliwa ukali kwa magadi ya kuokea na kusuuzwa kwa maji mengi, ikimaanisha unailowesha sakafu ambayo kona yake tayari ina unyevu. Na kwa mtu mwenye vyuma gerejini hili ndilo kubwa: mvuke wake huleta kutu. Vaisi, misumeno, spana, chuma cha mashine ya kuchomelea, vyote utavikuta na kutu nyekundu. Kama bado utaamua kuitumia, toa vifaa vyote nje, fungua milango, vaa miwani na glavu za mpira, na umimine asidi ndani ya maji, kamwe usimimine maji ndani ya asidi.

Mimi nasaga. Kodi mashine ya kusagia sakafu yenye meno ya almasi ya namba 25 au 30, na pembeni ambako haifiki tumia grainda ya milimita 125 yenye diski ya almasi ya umbo la kikombe. Kwangua kwanza rangi iliyolegea kwa kikwanguo kirefu, maana rangi laini ikipata joto huyeyuka na kuziba meno ya diski. Saga mpaka uso uwe na ukali wa msasa wa namba 80 ukiupitishia kiganja. Usikae mahali pamoja. Grainda ya mkono huchimba mashimo upesi, na mashimo hayo hujitangaza rangi ikishang'aa.

Hapa naomba unisikilize vizuri. Vumbi la zege lina silika, na silika ikiingia mapafuni haitoki. Huacha makovu yasiyopona. Kitambaa puani hakisaidii, barakoa ya karatasi ya kawaida haitoshi. Vaa barakoa ya kiwango cha FFP3 au yenye vichujio vya P100, inayobana uso vizuri, na unganisha mashine na kifyonza vumbi chenye kichujio cha HEPA, kinachonasa vumbi laini sana. Usifagie kavu ukimaliza. Fyonza, mara mbili.

Ukishasaga, dondosha matone ya maji sehemu mbalimbali, hasa pale unapobadilishia oili. Zege lililo tayari hunywa tone ndani ya dakika moja hivi na kubadilika rangi kuwa jeusi kidogo. Tone likibaki limesimama, kuna mafuta au dawa ya kuziba zege bado. Sugua kwa dawa ya kuondoa grisi na brashi ngumu, nyonya maji machafu badala ya kuyasambaza, suuza, rudia. Oili iliyozama miaka mingi hupanda tena hata baada ya kusagwa, na pengine utalazimika kutumia praima (rangi ya kutangulizia) iliyotengenezwa mahsusi kwa zege lenye mafuta. Usidanganywe na doa kufifia. Doa linaweza kubaki na zege likanywa maji, na linaweza kutoweka na zege likagoma. Lisikilize tone.

Ile kona sasa. Kata vipande vya nailoni nzito vya sentimita 45 kwa 45, bandika kimoja pale kwenye malengelenge baada ya kukwangua, na vingine viwili au vitatu katikati ya sakafu mbali na jua. Ziba pande zote nne kwa tepu bila kuacha upenyo. Acha kwa saa 16 au zaidi. Ukifungua ukakuta matone upande wa chini wa nailoni au zege limekuwa jeusi, mvuke unapanda. Ukikuta maji juu ya nailoni, hayo ni ya hewani, mambo mengine. Kipimo hiki kinaeleza hali ya siku ile tu, kwa hiyo kifanye wakati ardhi imelowa. Kipimo kilichofaulu wakati wa ukame hakikupi uhakika wowote.

Kona ikiwa na unyevu, tafuta maji kabla ya kutafuta rangi. Toka nje utazame ukuta huo huo: bomba la paa linamwaga wapi? Ardhi inainamia ukutani au inakimbia? Kuna bomba la maji linalopita hapo? Mara nyingi kurekebisha mwinamo wa udongo na kusogeza maji ya paa mbali na msingi humaliza sehemu kubwa ya tatizo. Baada ya hapo ipe sakafu wiki kadhaa, urudie nailoni. Ikiwa jamvi lilimwagwa bila nailoni chini yake na unyevu umeenea sakafu nzima, kuna praima za epoksi zinazovumilia unyevu, lakini soma karatasi ya maelekezo ikutajie kiwango inachokivumilia; neno la muuzaji peke yake halitoshi. Njia nyingine, ambayo watu huidharau bila sababu, ni kutopaka rangi kabisa. Dawa ya silikati inayozama ndani ya zege huimarisha uso, hupunguza vumbi, na huacha mvuke utoke. Haing'ai wala haizuii oili kuacha doa. Lakini pia haina cha kubanduka.

Kama vipimo vimekuruhusu kupaka, upakaji wenyewe ni kazi fupi. Ziba nyufa zilizotulia kwa epoksi nzito ya kuzibia. Mkato wa makusudi uliokatwa kwenye zege usiujaze kwa kitu kigumu, kwa sababu zege litatembea hapo na kukipasua. Joto la sakafu liwe angalau nyuzi 3 za selsiasi juu ya kiwango ambacho umande hutokea. Paka sakafu ikiwa inapoa, yaani alasiri kuelekea jioni. Asubuhi zege linapopata joto, hewa iliyo kwenye vinyweleo hupanuka na kutoboa vitundu kwenye rangi mbichi.

Changanya resini na hadina kwa uwiano ulioandikwa, usikisie, na usiongeze hadina ukidhani itakauka upesi. Koroga taratibu kama dakika tatu ukikwangua kuta za ndoo, kisha mimina kwenye ndoo nyingine safi ukoroge tena. Madoa yanayonata yasiyokauka milele hutokana na mabaki ya ukutani ambayo hayakuchanganyika. Epoksi ikilundikana ndooni hujipasha moto na kuganda haraka, kwa hiyo imwage sakafuni na kuisambaza kwa rola papo hapo. Vaa glavu: ngozi ikishaikataa epoksi, mzio huo hukaa nawe. Na kama gerejini kuna hita ya maji ya gesi au moto wowote mdogo unaowaka, uzime kabla hujafungua kopo lenye thina.

Mkono wa pili upake ndani ya muda uliotajwa kwenye kopo. Ukipitiliza, piga msasa kwanza. Kukiwa na unyevu hewani, uso unaweza kutoa utando wenye utelezi kama nta. Uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ukauke, ndipo uendelee. Nyunyiza chembe za kuzuia kuteleza kwenye mkono wa mwisho, hasa mlangoni. Kutembea juu yake ni baada ya saa 24 hivi. Gari lisubiri siku 7. Wengi huvumilia tatu, na hapo ndipo matairi huanza kuivuta rangi upya.

Mwisho, umetaja kuchomelea. Epoksi iliyokomaa nayo huungua kwa cheche na hutoa moshi mbaya, na miguu ya stendi za kuinulia gari huitoboa. Tenga upande mmoja wa gereji usiupake rangi kabisa, uutie ile dawa ya silikati, na hapo ndipo uchomelee. Chini ya stendi weka kipande cha bamba la chuma au plaiwudi nene.