Kano la kisigino halitaki kubembelezwa

Jana msomaji kaniandikia: "Kaka, kano la kisigino linaniua. Nimeambiwa niache mbio kabisa. Kilimanjaro Marathon ndiyo basi tena?" Nikausoma ujumbe wake mara mbili, hasira za zamani zikapanda upya. Kano lenyewe ni ile kamba ngumu inayounganisha msuli wa nyuma ya mguu na kisigino.

Maana na mimi niliambiwa hivyo hivyo. Asubuhi nikishuka kitandani nilikuwa nashikilia ukuta hadi mlangoni, na juu ya kisigino pameota uvimbe mgumu, nikiuminya naruka kwa maumivu. Daktari wa zahanati moja hata mguu hakuugusa. Aliniuliza umri, akasema, "Sasa mbio za nini?" Akaandika vidonge na mapumziko. Nikapumzika, maumivu yakaisha. Nikarudi barabarani, yakarudi makali kuliko mwanzo. Lile swali lake bado linanichoma.

Aliyenitoa hapo ni mtaalamu wa fiziotherapia. Alinisimamisha kwa vidole ukingoni mwa ngazi, akaniambia nishushe kisigino polepole kwa mguu unaouma, nipandie kwa ule mzima. Nikadhani ananitania. Kumbe zoezi lilipata umaarufu mwaka 1998, Håkan Alfredson na wenzake wa Sweden walipowapa wakimbiaji 15 wenye maumivu sugu: seti 3 za mara 15 goti likiwa limenyooka, kisha tena goti limekunjwa, mara 2 kwa siku, wiki 12. Wote 15 walirudi kukimbia.

Ilibidi nijue kwa nini, nikaanza kusoma. Ndani ya kano kuna seli zilizojipanga safu safu katikati ya nyuzi za kolajeni, protini ngumu inayolipa kano nguvu. Protini ziitwazo integrini zimeishika kolajeni kwa nje, na kwa ndani zimeshika kiunzi cha seli, yaani nyuzi zinazoipa seli umbo. Nyuzi zikivutwa, mvuto unasafiri hadi kwenye kiini cha seli, na jeni za kutengeneza kolajeni zinaamka. Kwenye utando wa seli kuna pia vilango vya Piezo1, ambavyo vikinyooshwa hufunguka na kuingiza kalsiamu. Viligunduliwa mwaka 2010 katika maabara ya Ardem Patapoutian, mzaliwa wa Beirut, ambaye mwaka 2021 alipata Tuzo ya Nobeli ya tiba pamoja na David Julius.

Mwaka huo huo watafiti wa Zurich, Uswisi, walionyesha kuwa Piezo1 ndiyo inayozipa seli za kano habari kwamba mzigo umefika. Na hapa Waafrika tusikilize vizuri. Ipo aina ya jeni ya Piezo1 inayofanya vilango vichelewe kujifunga. Takriban mtu 1 kati ya 3 wenye asili ya Afrika anayo, na mwanzoni ilihusishwa na kinga dhidi ya malaria. Zurich wakakuta wenye nayo wanaruka vizuri zaidi. Sijapimwa, lakini upande wangu naujua.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kano lililolazwa halipati habari yoyote ya kujenga. Lipe mzigo, wa polepole, unaoongezeka. Zoezi likiwa jepesi, vaa begi lenye uzito mgongoni. Na usiache njiani! Wengi wetu tunataka medali, ngazi hatuitaki. Baada ya mbio kali, kwa saa 24 hadi 36 za kwanza kolajeni inavunjwa kuliko inavyojengwa, ndipo ujenzi unaposhika usukani. Kwa hiyo vijana mnaonipita Coco Beach kila siku kwa kasi ile ile, wekeni siku ya kupumzika katikati. Narudia: mzigo, halafu nafasi.

Mwaka huu nimemaliza kilomita 21 Moshi, na wapo vijana niliowaacha nyuma. Yule daktari ningependa angekuwepo pale Chuo cha Ushirika, mbio zinapoishia.

Ila ukisikia kitu kimelia "pwa!" nyuma ya mguu, na kusimama kwa vidole huwezi, ngazi hazikuhusu. Hapo kano limekatika, nenda hospitali siku hiyo hiyo.